Kabla ya Kumuuzia Hiyo Tembe, Muulize Kama Ana Mimba

Wasee, leo tunaongea maneno ya huko chini. Kama uko kwa matatu na jirani yako anachungulia simu, igeuze kidogo, lakini usiache kusoma. Wanaume pia. Hasa nyinyi.

Kuna kitu kinafanyika kila siku kwa kemisti za mitaa yetu, na tumekizoea mpaka hakitushtui. Msichana anafika. Anajifanya anaangalia sabuni mpaka wateja wengine waondoke. Halafu anasogea karibu na ile wavu ya chuma na kuongea chini chini: "Niko na muwasho." Muuzaji anauliza, "Huko chini?" Msichana anaitikia kwa kichwa. Anafungiwa tembe kwa karatasi ndogo ya kaki, analipa, anatoka. Dakika 2, stori imeisha.

Sasa niambie, ni nani hapo ameuliza kama ana mimba?

Hakuna. Na hiyo ndiyo shida yangu. Maoni yangu ni kwamba hakuna mtu anafaa kuuza dawa ya fangasi ya ukeni kwa msichana au mwanamke wa umri wa kuzaa bila kumuuliza hilo swali moja. Si kwa ubaya, si kwa kelele, si kwa kumkagua tumbo. Amuulize tu. Kwa sababu jibu likiwa ndiyo, dawa inabadilika, siku za kuitumia zinabadilika, na pengine hata ugonjwa wenyewe si ule anaoufikiria.

Mimi si daktari. Kampasi niliiacha kabla ya kumaliza, na hata hapo sikuwa nasomea mambo ya dawa. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha chuo, na haya ninayowaambia si siri ya madaktari. Yako wazi. Shida ni kwamba hayaongelewi kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida, mahali tunapokaa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wengi mtaani tunauita yisti. Ni fangasi anayeitwa kandida. Si ile hamira ya mandazi, lakini ukipenda mwite binamu yake. Huyu kandida hakuletwa na mtu. Wanawake wengi wanaishi naye ukeni miaka na miaka bila hata kujua, juu kuna bakteria wazuri wanaoitwa laktobasili ambao wanaweka mazingira ya hapo yawe na asidi kidogo, na kandida anabaki mpole. Mambo yakibadilika, anaongezeka. Ndio unapata muwasho, ngozi kuwa nyekundu na kuvimba, kuchomeka ukikojoa, na ute mzito mweupe unaofanana na mala iliyoganda, mara nyingi bila harufu mbaya.

Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya kila 4 watapata hii kitu angalau mara moja maishani. Watatu kwa wanne, manze. Mathe wako, shangazi yako, mwalimu wako wa darasa la 4, yule dada anasoma habari kwa TV. Kwa hivyo ukiona mtu anacheka msichana juu ya yisti, jua anacheka karibu kila mwanamke aliyewahi kumlea.

Na si ugonjwa wa zinaa. Nitarudia hiyo kwa sababu kuna wasichana wameachwa na maboyfriend juu ya hii maneno. Msichana ambaye hajawahi kulala na mtu anaweza kuipata. Mwanamke aliyetulia na mume mmoja miaka 20 anaweza kuipata. Haimaanishi mtu ni mchafu. Lakini angalia vile tunaongea: ute ukitoka tunauita "uchafu". Yaani msichana akienda kutafuta usaidizi, neno la kwanza analopewa kujieleza tayari linamshtaki.

Sasa ongeza mimba.

Mwanamke akiwa mjamzito, homoni ya estrojeni inapanda sana. Inafanya kuta za uke ziweke sukari nyingi ya aina inayoitwa glaikojeni, na hapo kandida amepata chakula. Juu ya hiyo, kinga ya mwili inabadilika ili mwili umvumilie mtoto. Ndio maana yisti wakati wa mimba ni jambo la kawaida sana, na inaweza kurudi hata baada ya kutibiwa. Si ati amelaaniwa, si ati mtoto ana shida, si ati baba wa mtoto amemletea. Ni mwili unafanya kazi yake na fangasi ametumia nafasi.

Habari njema ni kwamba kwa kawaida haimdhuru mtoto tumboni. Wakati mwingine mtoto anaweza kuipata akizaliwa, ukaona utando mweupe mdomoni, na hiyo pia inatibika. Lakini "haimdhuru mtoto" isiwe sababu ya kumwambia mama avumilie. Nimesikia watu wazima wakisema, "Hiyo ni ya mimba, itaisha ukijifungua." Kwani mama si mtu? Muwasho wa kukosa usingizi miezi 3 ni mateso, na dawa ipo.

Dawa ni gani? Hapa ndipo lile swali la mimba linakuwa na uzito.

Kwa mwanamke ambaye hana mimba, kuna njia 2 za kawaida. Ya kwanza ni tembe ya kumeza, flukonazoli ya miligramu 150, mara nyingi unameza moja tu basi. Ya pili ni dawa ya kuweka ukeni, krimu au tembe laini ya kuingiza, na inayojulikana zaidi ni klotrimazoli. Watu wanapenda ile ya kumeza kwa sababu zinazoeleweka. Ni moja. Haichafui nguo. Unaimeza hata mbele ya mathe na hakuna mtu anajua ni ya nini. Kwa msichana anayejificha, hiyo tembe ni zawadi.

Kwa mjamzito, hiyo zawadi ndiyo anafaa kuepuka. Mwongozo wa CDC ya Marekani uko wazi: wakati wa mimba, tumia dawa za jamii ya klotrimazoli za kuweka ukeni, kwa siku 7. Za ukeni tu. NHS ya Uingereza pia haipendekezi flukonazoli ya kumeza kwa mjamzito.

Sababu ni hii. Mwaka wa 2011, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba kutumia dozi kubwa za flukonazoli, miligramu 400 hadi 800 kwa siku, kwa muda mrefu katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, kumehusishwa na watoto kuzaliwa na kasoro. Hiyo ni dozi ya magonjwa makubwa, si ya yisti. Lakini Januari 2016 ukatoka utafiti wa Denmark uliopitia rekodi za mimba zaidi ya milioni 1.4. Wanawake waliotumia flukonazoli ya kumeza walionekana kuwa na mimba zinazoharibika zaidi kuliko wasioitumia, na zaidi hata kuliko waliotumia dawa ya ukeni. Aprili mwaka huo huo FDA ikawaambia madaktari wawe waangalifu kuwaandikia wajawazito hiyo tembe.

Tusitiane hofu bure. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu 2 vikitembea pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kama ulimeza tembe moja kabla ya kujua una mimba, usikeshe ukilia. Ukienda kliniki, mwambie nesi uliimeza lini na ilikuwa ngapi, aandike. Lakini ukiwa na dawa 2 mbele yako, moja ina alama ya kuuliza na nyingine inatibu vizuri ikibaki hapo hapo ukeni, na ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwa damu, kwani unatafuta nini na ile yenye alama ya kuuliza?

Na inatibu vizuri kweli. Mwaka wa 2001, Cochrane, wale watafiti ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya dawa na kuyalinganisha, waliangalia majaribio 10 ya wajawazito wenye yisti. Waliona kwamba dawa za jamii ya klotrimazoli zinashinda nistatini, dawa ya zamani. Waliona kitu kingine ambacho ningependa kila msichana akishike: ukiitumia siku 4, inaponya zaidi kidogo ya nusu ya wanawake. Ukiitumia siku 7, inaponya zaidi ya asilimia 90.

Angalia hizo namba tena. Dawa ni ile ile. Tofauti ni siku 3. Sasa fikiria ni wangapi wanaacha siku ya 3 au ya 4 kwa sababu muwasho umepoa. Wiki 2 baadaye umerudi, na wanasema dawa ni feki. Enyewe dawa feki zipo, lakini mara nyingine ni hesabu tu haikukamilika. Na kuna wale huuziwa tembe moja kubwa ya ukeni ya siku moja, ambayo kwa asiye na mimba inaweza kutosha. Mjamzito anahitaji wiki nzima. Muuzaji atajuaje ni ipi ampatie kama hajauliza?

Kuna mtego mwingine, majina. Klotrimazoli ni ya fangasi. Kotrimoksazoli ni antibayotiki. Metronidazoli ni ya bakteria na vimelea fulani. Sema hayo majina kwa sauti ya chini, kwa haraka, ukiwa na aibu, na matatu inapiga honi nje. Ni rahisi kutoka na kitu kingine kabisa. Na antibayotiki haiui fangasi. Inaweza kuua wale laktobasili wazuri na kumwachia kandida uwanja mzima. Kwa hivyo soma jina kwa pakiti kabla ya kulipa. Ukipewa tembe zisizo na pakiti, uliza zinaitwa nini na uandike kwa simu.

Halafu, si kila muwasho ni yisti. Ute wa kijivu, mwepesi, wenye harufu kama ya samaki, huo mara nyingi ni bakteria wamezidi, na wakati wa mimba hali hiyo imehusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ute wa kijani au manjano wenye povu unaweza kuwa trikomonasi, ambayo hiyo sasa ni ya zinaa, na mpenzi lazima atibiwe pia. Maji mepesi yanayotiririka bila kukoma yanaweza kuwa chupa ya mtoto imepasuka. Ukiona hayo, au damu, au homa, au maumivu ya tumbo la chini, au vidonda, kemisti si mahali pako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya fangasi haitasaidia chochote hapo, itakupotezea tu saa ambazo ulikuwa unazihitaji.

Na tafadhali, zile tiba za video. Kitunguu saumu ukeni, hapana. Siki, ndimu, maji ya chumvi, sabuni yenye manukato, dawa ya kuua viini ya kuogeshea sakafu, hapana zote. Uke unajisafisha wenyewe ndani. Ukiuosha ndani unawafukuza wale bakteria wanaokulinda. Osha nje na maji, vaa pamba isiyobana, badilisha nguo ukitoka jasho. Hiyo inatosha. Mimi naishi kwa hizi video, najua vile zinatengenezwa. Kitu kinachopata watu wengi si lazima kiwe kweli, kinahitaji tu kushangaza.

Sasa turudi kwa swali letu, maana najua mnachotaka kuniambia. "Si msichana aseme tu mwenyewe ana mimba? Ana mdomo."

Ngoja. Utafiti wa kitaifa wa afya, ule wa 2022, ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Yaani kwa kila wasichana 100 wa umri huo, 15. Wengi wao walikaa wiki, wengine miezi, bila kumwambia mtu yeyote. Hajamwambia mathe. Hajamwambia boyfriend, au amemwambia na huyo boyfriend amezima simu. Hajajiambia hata yeye mwenyewe, anahesabu siku na kutumaini amekosea. Sasa unataka mtu wa kwanza kusikia "nina mimba" kutoka mdomoni mwake awe msee wa kemisti, mbele ya foleni, kwa jambo ambalo tayari anaona aibu kulitaja? Kwa huyo msichana, hayo maneno 2 ni mazito kuliko muwasho. Atameza chochote atakachopewa ili aondoke hapo.

Ndio maana nasema mzigo wa kuanzisha hiyo stori usiwe wake. Uwe wa mtu aliye upande wa ndani wa kaunta. Yeye ndiye amesomea, yeye ndiye ana leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imetundikwa ukutani, yeye ndiye anapokea pesa.

Mwingine atasema, "Nikimuuliza atakasirika, aende kwa kemisti ya jirani." Inategemea utamuuliza vipi. Ukisema kwa sauti, "Wewe msichana, kwani una mimba?" hata mimi ningeondoka. Lakini ukisema polepole, "Huwa tunauliza kila mtu kabla ya hii dawa: unaweza kuwa na mimba, au siku zako zimechelewa? Nikijua nitakupatia inayofaa," umemsaidia. Umemwambia haulizwi yeye peke yake. Umempa nafasi ya kusema "zimechelewa", ambayo ni rahisi kuliko kusema "ndiyo". Na kama bado unaogopa, bandika karatasi hapo kwa kaunta: kama una mimba au unadhani unayo, gusa hapa, tutakubadilishia dawa. Msichana anaweka kidole tu. Hajafungua mdomo.

Hiyo haihitaji bajeti ya serikali. Inahitaji karatasi na selotepu.

Kliniki nazo, tusiziache. Msichana akitaja muwasho, asiulizwe kwanza alikuwa anafanya nini na nani alimtuma. Muwasho unaorudi rudi unaweza kuwa ndio dalili ya kwanza ya sukari kupanda wakati wa mimba, na hiyo inapimwa. Unaweza kuwa sababu ya kuzungumza kuhusu kipimo cha HIV, na hicho pia kinapatikana hapo hapo. Ukimfokea akaacha kuja, umepoteza hiyo nafasi yote, na yeye amerudi kwa ile tembe ya karatasi ya kaki.

Na nyinyi mabradha niliowaambia msiache kusoma. Kazi yenu ni ndogo. Kwa kawaida wewe hutahitaji dawa, isipokuwa na wewe uwe na muwasho au uwekundu, hapo nenda ukaangaliwe. Jua pia krimu ya klotrimazoli inaweza kudhoofisha kondomu, kwa hivyo ngojeni dawa iishe. Usimuulize "umetoa wapi". Na kama yeye anaona aibu kwenda kwa kemisti, nenda wewe. Sema hivi, bila kunong'ona: "Nataka klotrimazoli ya ukeni ya siku 7. Ni ya mjamzito." Huna mimba wewe, hakuna mtu atakuangalia tumbo.

Kwako wewe ambaye umesoma mpaka hapa kwa sababu ni wewe: unaweza kuandika hayo maneno kwa simu na kumwonyesha muuzaji bila kusema kitu. Tumia siku zote 7, usiku ukienda kulala, hata kama muwasho umeisha siku ya 3. Kama inakuja na kifaa cha kuingizia, usikisukume kwa nguvu, na muulize nesi kama ni bora utumie kidole kisafi. Wiki ikiisha na bado unawashwa, usinunue nyingine, nenda wakupime. Na kama bado hujamwambia mtu kuhusu mimba, nesi wa kliniki anaweza kuwa wa kwanza. Ukimpata wa kukufokea, rudi siku nyingine utafute mwingine. Wazuri wapo, na hii kwao ni kazi ya kila siku.